Picha ya Jana, Kichwa cha Leo

Mwanamume wa kwanza kunivua hereni mjini Kampala hakuwa mwizi wala mchumba. Alikuwa fundi wa mashine katika chumba cha upasuaji, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa, na alinivua bila kunigusa. Alininyoshea kopo tupu la siagi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka Kenya na cheti cha uuguzi, barua mbili za kunisifu, na hereni ndogo kama punje za mtama nilizopewa na mama.

"Sista, chuma," alisema.

"Hizi ni dhahabu."

"Sumaku haijui bei. Tia hapa."

Miezi michache baadaye nilisoma kitabu kilichokuja na ile mashine, nikakuta kwamba vitu vidogo kama hereni zangu havisumbui chochote. Nilimpelekea Fundi ukurasa wenyewe. Aliusoma wote, polepole, akanirudishia kitabu, kisha akaninyoshea kopo.

Kila mtu pale hospitalini alimwita Fundi, kuanzia mkurugenzi hadi mama wa chai, nami nitamwita hivyo hivyo. Nimefanya naye kazi miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu. Namwandika sasa kwa sababu mwaka jana kichwa kilicholazwa mbele ya ile sumaku kilikuwa chake, na kilichokuwa hatarini ni macho yake mawili, na aliyeshika kalamu nilikuwa mimi.

Hiyo kalamu inahitaji maelezo. Daktari anayepita puani kufuata uvimbe chini ya ubongo hupita mahali pembamba asipoweza kuona kila kitu. Nyuma ya mfupa mwembamba kama ganda la yai kuna mishipa ya macho. Akikosea kwa upana wa punje ya mchele, mgonjwa huamka gizani. Kwa hiyo kichwa hupigwa picha kwanza, na siku ya upasuaji picha ile huwekwa kwenye kioo cha kompyuta. Kazi ya Fundi ilikuwa kupatanisha picha na kichwa, ili daktari akigusa kitu ndani ya pua, alama kwenye kioo iguse kitu kilekile ndani ya picha.

Upatanisho wenyewe ni hivi. Kabla ya picha tunambandikia mgonjwa vibandiko sita vya mviringo, usoni na nyuma ya masikio, na kwenye picha vinaonekana kama pete nyeupe. Vinakaa hapohapo mpaka siku ya upasuaji. Siku hiyo kisanduku cha sumaku huwekwa karibu na kichwa, na Fundi hugusa kila kibandiko kwa kalamu isiyo na wino ambayo kisanduku kinajua daima iko wapi. Kompyuta inalinganisha. Ikiridhika, taa ya kijani inawaka.

Taa ikiwaka kijani, watu wote duniani husema tayari. Fundi alisema, "Bado."

Halafu alifunua mdomo wa mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa, akagusa kwa ncha ya kalamu mahali meno mawili ya mbele ya juu yanapokutana, akageuka kutazama kioo. Alama ikikaa kati ya meno kwenye picha pia, alisema "Haya" na kurudi kuegemea ukuta wake. Isipokaa, tulirudi mwanzo.

"Ngozi ni mwongo," alikuwa akituambia. "Inavutika, inavimba, inalala vibaya. Jino ndiyo shahidi."

Na lingine, ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu: "Picha ni ya jana, kichwa ni ya leo."

Daktari wetu bingwa, Muganda mrefu mwenye mikono mizuri na subira fupi, hakuipenda ile "bado." Alikuwa na haki yake. Wagonjwa walikuwa wengi, na chumba chenye mashine kilikuwa kimoja.

"Fundi, si ni kijani? Sasa tunangoja nini, ssebo?" aliuliza, akimwita bwana kwa lugha yake.

"Jino."

"Jino linasema nini?"

"Bado sijauliza."

Sikumpenda Fundi mara moja. Nilimwona mkaidi anayejificha nyuma ya milimita. Tena alikuwa na tabia ya kuhoji wagonjwa kama polisi. Kabla hawajapewa dawa ya usingizi alisimama kichwani pao na kuuliza mara tatu kama kuna kibandiko kilichoguswa. Mara tatu kamili, kwa sauti ileile. Nilimuuliza kwa nini tatu.

"Ya kwanza wanajibu Daktari," alisema. "Ya pili wanajibu Mungu. Ya tatu wamechoka, wanajibu mimi."

Kopo la siagi lilikuwa na historia yake. Lilimeza saa za madaktari, pete za ndoa, pini za nywele, funguo, sarafu na shaba ya mkononi ya mwanafunzi mmoja aliyedai ni dawa ya baridi yabisi. Siku moja alikuja afisa wa jeshi kutoka Mbuya, kamili na mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma tumboni. Mgonjwa alikuwa mdogo wake, na alitaka kumwona kabla hajalazwa usingizi. Fundi alinyosha kopo.

"Unajua mimi ni nani?" afisa aliuliza.

"Afande, sumaku haijui cheo. Mkanda ama mlango."

Afande alimtazama ndugu yake pale kitandani, akavua mkanda. Alimwombea mdogo wake dua ndefu, mkono mmoja juu angani na mwingine umeshika suruali. Alipotoka alimpigia Fundi saluti, kwa ule mkono uliokuwa huru.

Mashine yenyewe, kabla sijaja, ilifika na toroli lake la chuma linalong'aa, na kwa wiki mbili alama kwenye kioo ilicheza hata kalamu ilipotulia. Wataalamu walioitwa walibadilisha nyaya, wakabadilisha kisanduku, wakatikisa vichwa. Fundi alienda Nateete kwa seremala jirani yake, akarudi na meza ya mbao yenye miguu minne isiyo na msumari hata mmoja, yote gundi na vigingi. Akahamishia kisanduku juu yake. Alama ikatulia. Wataalamu waliicheka meza, kisha wakaipiga picha kwa simu zao wakidhani hakuna anayewaona.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anajua kila kitu kilipo. Wapi. Fundi hakuwa na saa, kwa kuwa saa ni chuma, kwa hiyo hakufika mahali popote kwa wakati isipokuwa msikitini na kazini. Na hakuna mtu aliyewahi kufika popote kwa maelekezo yake. Kwenye picha za kichwa, kushoto kwa mgonjwa huonekana kulia kwako, kama mtu aliyekukabili. Fundi alikuwa ameishi ndani ya picha hizo muda mrefu mno, akawa anaelekeza watu barabarani kwa mtindo huo. Alipomwoza binti yake alitualika sote nyumbani kwake Nateete. Tushuke stendi ya teksi, tupite soko, tukifika kwenye duka la mabati tushike kushoto. Tulishika kushoto. Tulipokelewa vizuri sana, tukakalishwa, tukala pilau, tukampa bibi harusi seti yetu ya sufuria, tukacheza. Ni mama wa chai aliyenong'ona kwamba hajamwona Fundi wala mkewe tangu tufike, na kwamba bwana harusi huyu si yule wa kwenye kadi.

Jumatatu nilimweleza.

"Mlikula?" aliuliza.

"Tulikula."

"Basi mlifika."

Kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo ni maji. Vibandiko vyetu havipendi maji. Wagonjwa Waislamu walitaka kutawadha, mara tano kwa siku, na Fundi, ambaye mwenyewe hakukosa swala, aliwakataza. Alimuuliza kwanza shehe wake, kisha akaleta wodini tofali la udongo, safi, limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Aliwafundisha kutayamamu juu yake na kupitisha kiganja usoni taratibu, bila kugusa kibandiko. "Mungu amerahisisha," aliwaambia. "Wewe usifanye ngumu." Kwa upande wetu Wakristo alipambana na wachungaji wenye mafuta ya upako. Aliwaomba wapake miguu.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na mgonjwa mmoja, dereva wa teksi, mtu wa jasho jingi. Asubuhi ya upasuaji nilipomgeuza kitandani kibandiko cha nyuma ya sikio la kushoto kilibaki kwenye mto. Fundi alikuwa ameagiza kila kibandiko kizungushiwe duara la wino, na mimi duara hilo sikuwa nimelichora. Niliogopa kugombezwa. Nikakibandika palepale, au pale nilipoona ni palepale, nikakibonyeza vizuri, nikamsukuma mgonjwa wangu theatre.

Alipohojiwa mara tatu alisema hapana mara tatu, na kwa kweli hakujua. Taa ikawaka kijani. Fundi akagusa jino. Kwenye kioo alama ilikuwa imening'inia hewani, nje ya jino, mahali pasipo na kitu.

"Bado," alisema. Akatutazama mmoja mmoja. "Kibandiko moja imetembea. Mgonjwa arudi kwa picha."

Daktari alivua glavu kwa hasira. Mke wa yule dereva alilia ukumbini akidhani mumewe amekufa. Na mimi nilinyamaza.

Nilinyamaza siku tatu. Siku ya nne nilimkuta Fundi kantini akila katogo la ndizi, nikaketi, nikamwambia yote. Aliendelea kula mpaka akamaliza.

"Kale," alisema, yaani sawa kwa Kiganda. "Dereva yuko wapi?"

"Ameruhusiwa. Anaona vizuri."

"Basi kesho wewe ndiyo unashika kalamu. Mtu ameshaogopa, huyo ndiyo anafaa."

Tangu siku hiyo nilimpenda, na sijaona sababu ya kulificha. Alinifundisha kushika kalamu bila kubonyeza ngozi, kugusa katikati ya kibandiko na si ukingoni, kusoma namba bila kuiamini. Miaka ilivyoenda alinipa kazi zaidi na zaidi. "Sista, soma namba." "Sista, tazama kama alama imekaa." Nilivimba kichwa. Nilidhani ananiandaa.

Kumbe alikuwa haoni. Tulianza kuliona alipogonga mlango wa theatre, bega la kushoto. Kisha toroli. Kisha mama wa chai na birika lake. Alinunua miwani, akanunua nyingine. Watu wakimjia kwa pembeni alishtuka, hasa kushoto, kama wametoka ukutani. Alistaafu kwa hafla ndogo, akakata keki na kukosa sahani. Mwaka mmoja baadaye mkewe alimleta kwa mkono. Picha ilionyesha uvimbe chini ya ubongo, umekaa juu ya mishipa ya macho. Daktari alimwambia ukweli kwa kuwa hangeweza kumwambia kitu kingine: ukiondolewa mapema anaweza kuona tena, ukiachwa atapofuka, na njia ya kuufikia ni ileile ya puani aliyoilinda miaka yote.

"Nani anashika kalamu?" Fundi aliuliza.

"Sista."

"Atauliza jino?"

"Ulimfundisha wewe."

Mimi ndiye niliyembandikia vibandiko sita. Niliishika ile kalamu ya wino nikitaka kuchora maduara, naye akausukuma mkono wangu. "Acha. Unanichora kama ng'ombe wa mnada? Mimi najua kukaa." Nilimwachia. Hapo nilikosea, na nilikosea kwa heshima, aina ya kosa ambayo sisi wauguzi tunaifanya kwa wakubwa wetu kila siku.

Asubuhi iliyofuata alilala mezani, kofia imetolewa, kichwa kidogo kuliko nilivyokijua. Nilimuuliza mara ya kwanza.

"Fundi, kuna kibandiko kilichoguswa?"

"Hapana."

Mara ya pili. "Hapana." Mara ya tatu akasema, "Sista, hata mimi unaniuliza tatu?" Tukacheka kidogo, na kicheko kikachukua nafasi ya jibu.

Alikuwa bado macho, kwa kuwa aliomba tusimlaze kabla ya upatanisho, na niligusa vibandiko kimoja kimoja nikimsikia akihesabu kwa pumzi. Kijani. Namba ilikuwa ya kuridhisha. Daktari akasema, "Kale, tumlaze." Nikamwomba Fundi afungue mdomo. Ana mwanya kati ya meno ya mbele, hakuna shahidi mzuri kuliko huo. Nikaweka ncha mwanyani, nikatazama kioo. Alama ilikuwa juu ya mdomo, nje, kando.

Niliugusa tena. Alama ikaenda palepale pabaya.

"Bado," nikasema.

"Sista, si ni kijani?" alisema Daktari. Akatazama saa ambayo haikuwapo mkononi mwake. Ilikuwa kwenye kopo.

Na kutoka mezani, Fundi mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayecheleweshwa na wajinga: "Bado nini? Mashine imekubali."

Nilikuwa na Daktari upande mmoja, na upande mwingine mtu pekee ambaye ningemuuliza kama niko sahihi, na wote wawili walikuwa wananiambia niendelee. Niliinama karibu na sikio lake.

"Fundi. Kuna kibandiko kilichoguswa?"

Alifumba macho.

"Ya nyuma ya sikio," alisema. "Ya kushoto."

"Nani alikibandika?"

"Mimi. Najua mahali pake, Sista. Nimebandika hii vitu kabla wewe hujavuka mpaka."

"Kilitokaje?"

"Maji. Ya alfajiri."

"Na tofali? Niliweka tofali kando ya kitanda."

"Tofali ni ya mgonjwa."

"Na wewe ni nani?"

Alitazama taa ya juu, ile asiyoiona vizuri, na nikaona kwamba mpaka dakika ile alikuwa amejilaza pale kama fundi aliyekuja kukagua kazi. Nilitaka kumwambia ule msemo wake wa picha na kichwa, nikauacha. Nilimpangusa machozi upande mmoja kwa shashi kavu, polepole, nisiguse kibandiko cha shavuni.

"Arudi kwa picha," nilimwambia Daktari.

Alivua glavu. Si kwa hasira mara hii. Alizikunja.

Tulibandika vipya mchana huo, na safari hii nilichora maduara sita, manene, naye alitulia kama mtoto anayenyolewa. Picha ikapigwa jioni. Aliswali Magharibi, Isha na Alfajiri kwa tayamamu ya tofali. Mkewe aliniambia kwamba alilirudisha kila mara ndani ya kitambaa na kukikunja pembe nne.

Asubuhi sikucheka. Nilimuuliza mara tatu, akajibu mara tatu. Sita kwa sita, kijani, mwanya. Alama iliketi kati ya meno. Niliondoa kalamu, nikairudisha, alama ikaketi tena. Chumba kizima kilinigeukia na sikuelewa kwa nini, mpaka nilipokumbuka kwamba wanangoja neno.

"Haya," nikasema.

Upasuaji ulichukua saa nne. Uvimbe ulitoka. Kuhusu macho, Daktari alisema tusubiri. Mchana Fundi aliamka akaulizwa vidole vingapi, akasema anataka chai. Akaulizwa tena, akasema chai iwe na tangawizi. Daktari alitutazama na kuinua mabega. Uvimbe ukikaa juu ya mishipa muda mrefu, mingine hairudi, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Mkewe alikuwa ameacha kuuliza maswali.

Zamu yangu ilipokwisha nilibadilisha nguo, nikachukua vitu vyangu kwenye kopo, nikavaa hereni za mama na kufunga mkoba. Ningeweza kutoka kwa mlango wa nyuma, ulio karibu na njia ya Bukoto ninakokaa. Nilipitia wodini kwanza. Fundi alikuwa amelala chali, pua imejaa pamba, uso umevimba, macho yameelekea dari. Nilisimama upande wake wa kushoto, ule ambao kwa zaidi ya mwaka mzima watu walikuwa wakimtokea kama wametoka ukutani. Nilikuwa naogopa kumshtua, na zaidi niliogopa kumuuliza.

Akageuza macho kunielekea. Yakakaa usoni pangu, kisha yakasogea kidogo, kwenye sikio moja, halafu la pili.

"Sista," alisema kwa sauti ya pamba. "Chuma."

Mkewe aliinuka kutoka kwenye kiti. Mimi nilizivua, moja baada ya nyingine, vidole vikikosa ndoano. Hakukuwa na kopo pale, kwa hiyo alifungua kiganja, nikazitia humo.